Fyuzi imekatika tena? Angalia kwanza imekatikaje ndio uweke nyingine

Nina miaka kadhaa kwenye meza ya ufundi hapa Tanga, na kitu kinachoniumiza roho kuliko vyote ni kufungua plagi ya mtu nikakuta fyuzi imevishwa karatasi ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa. Na mwenyewe anakwambia kabisa, fundi hiyo nilitengeneza tangu mwezi wa tatu na haijasumbua tena. Jamani. Hapo hakuna fyuzi, kuna kipande cha chuma ambacho hakitakatika mpaka kitu kingine kiungue kwanza, na hicho kitu kingine mara nyingi ni waya uliopita nyuma ya kabati la nguo au juu ya dari ambako hakuna anayeuona.

Kwahiyo tuelewane hapa mwanzo: fyuzi haikuwekwa kulinda TV yako wala friji yako, imewekwa kulinda waya. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa chuma, umeme ukipita uzi unapata joto, na joto lenyewe linapanda haraka kuliko umeme unavyopanda, yaani umeme ukiwa mara mbili joto linakuwa mara nne, ukiwa mara tatu joto mara tisa. Uzi umepimwa uyeyuke kabla waya haujafikia joto la kuyeyusha mpira wake. Na ile namba iliyoandikwa juu sio namba ya kukatikia, ni namba ambayo fyuzi inaweza kubeba siku zote bila shida. Fyuzi ya ampia 13 ya kwenye plagi ya pini tatu inaweza kubeba hata ampia 20 kwa nusu saa isikatike. Ndio maana kuna fyuzi inakatika kwa kishindo na kuna nyingine inakatika kimyakimya baada ya muda, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Kabla ya yote chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya soketi tu haitoshi, chomoa. Kama unagusa fyuzi za kwenye boksi la ukutani zima mein swichi na upime kwa testa hata kama una uhakika.

Kifaa hakiwaki kabisa, hujui kama ni fyuzi au la

Chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyohiyo, chaja ya simu inatosha. Ikikataa, tatizo liko kwenye soketi au breka, na kama nyumba nzima iko giza angalia LUKU kwanza kabla hujafungua kitu. Chaja ikikubali, fungua plagi utoe fyuzi. Fyuzi hizi za plagi ni za kauri, huoni ndani, kwahiyo usiitazame ukasema nzima. Weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye mlio, ikilia iko sawa. Huna mita? Chukua zile tochi za bati za mawe mawili, fungua kifuniko cha nyuma, weka ncha moja ya fyuzi kwenye kitako cha jiwe na ncha nyingine iguse ukingo wa bati, washa swichi. Tochi ikiwaka fyuzi ni nzima. Au kopa fyuzi ya plagi ya feni inayofanya kazi, ujaribu nayo.

Fyuzi imekufa na umeweka mpya ya namba ileile na kifaa kinapiga kazi wiki nzima? Basi ilichoka tu, inatokea, uzi unaopata joto na kupoa kila siku miaka na miaka huwa unachakaa. Ila ikikatika mara ya pili usiweke ya tatu, endelea kusoma.

Inakatika palepale ukichomeka au ukiwasha

Hii ni shoti. Kama ni fyuzi ya kioo utaona kioo kimekuwa cheusi au kimepata rangi kama ya kioo cha kujitazama kwa ndani, maana uzi haukuyeyuka taratibu, uliripuka ukawa mvuke. Ya kauri nzuri ina mchanga ndani, na kazi ya huo mchanga ni kuuzima moto wa cheche pale uzi unapokatika. (Za bandia hazina mchanga. Ukinunua pakiti mahali usipopaamini vunja moja, mchanga lazima umwagike, na juu iwe imeandikwa BS 1362 pamoja na ampia zake.)

Sasa shoti iko wapi. Anzia kwenye kebo, kwasababu kebo ndio inayokunjwa na kuvutwa. Kwenye pasi mi huwa naenda moja kwa moja shingoni, pale kebo inapoingilia kwenye mpini, napinda huku na huku huku mita iko kwenye pini mbili za plagi. Namba ikirukaruka umeshaipata. Na ujue namba unayotegemea: pasi ya wati 1200 kwa umeme wetu wa volti 230 inatakiwa isome kama omu 44 (omu ni kipimo cha kifaa kinavyozuia umeme), jagi la kuchemshia maji la wati 2000 kama omu 26. Ukisoma omu 1 au sifuri, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zimegusana. Halafu pima pini ya laivu na pini ya ethi, ile ndefu ya usalama, hapo mita isisome kitu kabisa. Ikisoma chochote kwenye jagi, chuma cha kuchemshia kimepasuka na maji yameingia, na hilo jagi usilirudishe jikoni hata kama fyuzi bado haijakatika.

Kwa TV, sabufa na chaja za laptop namba hazisemi hivyo, maana umeme wake unapita kwenye daiodi na kapasita. Fungua uone fyuzi ndogo ya kioo kwenye bodi. Ikiwa nyeusi, mara nyingi kilichokufa ni kile kidude cha kuzuia umeme mkubwa, kinakaa karibu na fyuzi kama sarafu ya bluu, au daiodi nne za kuingilia, au transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Ukibadilisha fyuzi peke yake hapo itaripuka usoni. Sisi mafundi tunaunga balbu ya zamani ya wati 100 kwenye msitari wa laivu kabla ya kifaa: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo shoti bado ipo, ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kifaa kimepona na fyuzi yako iko salama. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, iwe ile ya uzi ndani.

Inakaa robo saa, nusu saa, ndio inakatika

Hii sio shoti, hii ni lodi. Ukifungua fyuzi ya kioo utakuta kioo kisafi na uzi umekatika katikati tu. Chukua wati, gawa kwa 230, umepata ampia. Jagi la wati 2000 ni ampia karibu 9, pasi ya 1200 ni ampia 5 na kitu. Vyote viwili kwenye ekstensheni moja ni ampia 14, na mtu kaongeza friji na TV humohumo, na ekstensheni nzima ina fyuzi moja ya 13. Fyuzi inavumilia mpaka inachoka. Dawa ni kugawa vifaa kwenye soketi za ukutani. Jagi, pasi, jiko la umeme, hivi vya joto kila kimoja kiwe na soketi yake ya ukuta.

Na hapa ndipo watu wanapokosea wakaona fyuzi ya 13 ni ndogo wakatafuta namna ya kuweka kubwa. Waya wa ekstensheni nyingi za bei rahisi hata hiyo 13 yenyewe hauwezi. Kebo ya milimita za mraba 0.75 ni ya ampia 6, ya milimita 1 ni kama 10, ili ubebe 13 bila wasiwasi unahitaji 1.25 kwenda juu. Soma ubavuni mwa kebo, huwa imeandikwa. Kama kebo ni nyembamba basi punguza fyuzi na sio kuongeza. Redio, taa ya mezani, chaja, chochote kisicho na mota kilicho chini ya wati 700, weka ya ampia 3, ile yenye maandishi mekundu. Itakatika mapema, na hicho ndicho unachokitaka.

Plagi inaungua, inanuka, imekuwa kahawia, lakini fyuzi ni nzima

Hii nataka nikae nayo kidogo maana ndio ninayoiona kuliko zote na ndio inayowachanganya watu wengi. Mtu anakuja na plagi imeyeyuka upande mmoja, anauliza mbona fyuzi haikukata. Haikukata kwasababu umeme uliopita ulikuwa wa kawaida kabisa, ampia zake 9 za jagi, sasa fyuzi itajuaje? Joto halikutoka kwenye wingi wa umeme, limetoka mahali palipolegea. Skrubu ya laivu haikukazwa, au vile vibano vinavyoshika fyuzi vimelegea, au soketi imechoka na haiumi tena pini. Umeme ukipita mahali palipogusana kidogo panachemka, pakichemka chuma kinalegea zaidi na kupata kutu, kinachemka zaidi, na inaendelea hivyo siku hadi siku bila dalili mpaka uone moshi.

Kwahiyo shika plagi kwa mkono baada ya jagi kuchemka au baada ya kupiga pasi nusu saa. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza vidole chomoa, ifungue. Kama pini ya laivu ndio nyeusi na fyuzi yenyewe imebadilika rangi kwenye ncha, tupa plagi na fyuzi vyote viwili, usisugue kwa msasa, kibano kilichopikwa na joto hakirudishi nguvu yake ya kubana. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, sokota vizuri, funga plagi mpya kaza skrubu kisha vuta kila waya kidogo uone kama unatoka. Halafu angalia soketi, kwasababu soketi iliyounguza plagi moja itaunguza na nyingine. Plagi ikiingia kama inaingia kwenye siagi soketi imekwisha. Watu wanabadilisha plagi tatu kwa mwaka na soketi ni ileile.

Fyuzi imekatika lakini ndani ya kifaa testa bado inawaka

Hapo acha kila kitu. Fyuzi ya plagi inakaa upande wa laivu ili ikikatika kifaa kibaki hakina umeme kabisa. Kama testa inawaka ndani wakati fyuzi imekufa, maana yake kuna mahali laivu na nyutro zimegeuzwa, kwenye plagi au kwenye soketi, mara nyingi soketi. Kifaa kitakuwa kimezima na mtu ataona ni salama kumbe umeme wote bado umo ndani unasubiri mkono. Ingiza testa kwenye matundu ya soketi: ukiitazama kwa mbele, tundu la ethi likiwa juu, testa iwake kulia tu. Ikiwaka kushoto, soketi zote za njia ile zifunguliwe na fundi mwenye leseni.

Inakatika umeme unaporudi tu

Friji inayotumia wati 120 haifiki hata ampia moja ikitembea, ila ikiwa inaanza inavuta mara kadhaa ya hiyo kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde. Fyuzi ya ampia 3 inaweza kwenda na maji hapo, kwahiyo friji ipewe 13. Lakini kama umeme umekatika na kurudi ndani ya dakika moja, kompresa inakuta gesi bado imebana, inashindwa kuzunguka, na inaendelea kuvuta ule umeme mkubwa wa kuanzia. Chomoa friji umeme ukikatika, rudisha baada ya dakika tano, au nunua fridge guard inayochelewesha yenyewe. Na hiyo guard ndiyo inayokulinda na umeme mkubwa au mdogo pia, fyuzi haijui volti, inajua ampia tu.

Kwenye vifaa vyenye mota au kapasita kubwa angalia herufi kwenye kichwa cha fyuzi ya kioo. T3.15A ni ya kuchelewa, inavumilia ule mshtuko wa kuwasha. F3.15A ni ya haraka. Ukiweka F mahali pa T itakufa kila ukiwasha na utahangaika kutafuta shoti ambayo haipo.

Maikrowevu inakata fyuzi ukifungua au ukifunga mlango

Kwenye mlango kuna swichi ndogo mbili mpaka tatu, na moja imewekwa makusudi ipige shoti kama zile nyingine zimegoma wakati mlango uko wazi, ili fyuzi ikatike na mawimbi yasikutoke usoni. Kwahiyo fyuzi hapo imefanya jambo jema sana, na anayeweka waya badala yake ameondoa ulinzi wa macho ya watoto wake. Badilisha swichi zote pamoja. Na kama hujawahi kufungua maikrowevu usifungue, ile kapasita ina volti zaidi ya 2000 na inaweza kubaki nazo hata ikiwa imechomolewa.

Gari na pikipiki

Rangi za fyuzi za gari ni lugha: kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe ya kuona ndani 25, kijani 30. Usiweke kijani mahali pa bluu hata kama dereva ana haraka, waya wa pale ni wa 15.

Swali la kuuliza ni inakatika ukifanya nini. Ukiingiza rivasi? Kwenye Noah na gari zote za mlango wa nyuma wa kunyanyua, angalia ule mpira unaopitisha nyaya kwenye bawaba, nyaya zinapindwa kila mlango ukifunguliwa mpaka zinachubuka na kugusa bodi. Ukichomeka chaja? Chungulia tundu la kiberiti, sarafu huwa inatumbukia humo. Pikipiki inakata ukikunja usukani kulia? Nyaya zinasuguana na shingo ya fremu, fungua chini ya taa ya mbele. Ukiosha tu? Maji kwenye soketi ya swichi.

Kuna ujanja wa kutomaliza fyuzi: toa fyuzi, unga balbu ya breki ya volti 12 kwenye miguu miwili ya tundu lake. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu zote na nyaya haziungui, wewe unaenda unatikisa nyaya mojamoja, ikififia au kuzimika umeshika penyewe.

Nyaya zina joto na fyuzi haikati kamwe

Hii ndio ya karatasi ya sigara, msumari, au waya wa kusugulia sufuria. Kwenye nyumba za zamani zenye fyuzi za kauri za kufunga waya kwa mkono mtu anachukua uzi wowote wa shaba aliouchuna kwenye kebo. Waya wa fyuzi wa ampia 5 ni milimita 0.2, wa 15 ni milimita 0.5, wa 30 ni milimita 0.85. Tofauti hiyo kwa macho ni ndogo, lakini ukifunga wa 30 kwenye njia ya taa, waya wa dari utaungua kwanza kabla fyuzi haijapata habari. Zile za ukutani nakushauri uzitoe kabisa ufunge breka, na ukishafungua boksi funga pamoja na kile kidude cha kukata umeme ukivuja, cha miliampia 30. Maana hakuna fyuzi itakayomwokoa mtu aliyeshika waya. Kinachoua mtu ni sehemu ndogo sana ya ampia moja, na hata fyuzi ndogo ya kawaida ya plagi yako ni ampia 3.

Sola

Fyuzi ikae karibu na betri, sio karibu na inveta, kwasababu waya unaolindwa unaanzia kwenye betri, na betri ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia. Inveta ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampia 83, na kwa upotevu wake hesabu karibu 100. Fyuzi yenyewe inunuliwe iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa betri na sola, sio ya AC ambao ni wa gridi. Umeme wa gridi unapita sifuri mara 100 kwa sekunde kwahiyo cheche inapata nafasi ya kuzimika, wa sola haupiti sifuri hata mara moja, na fyuzi ya kioo ya AC ikikatika hapo cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya kioo. Kama umeshaifunga ya hivyo, funika paneli kwa turubai kwanza, chomoa waya wa paneli, halafu wa betri, ndio uibadilishe.

Na ile fyuzi ya juu kwenye nguzo sio yako wala yangu, hata kama kijana wa mtaani anakwambia anaiweza kwa mti mkavu. Piga simu TANESCO usubiri.